Magugu maji: tuyafanye mtaji, au tuyakatie chakula?

Mkazi wa Bugarika

Wadau, salaam. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, naona watu wa Mwanza tumeyasahau magugu maji kana kwamba yalikuwa ugonjwa wa pantoni. Miezi michache tu kabla ya hapo vivuko vya Kigongo–Busisi vilikuwa vinahangaika kupenya zulia la kijani, na abiria wamekaa na samaki wao wanaanza kunuka. Leo magari yanapita juu ya kilomita tatu za zege, dakika chache umeshavuka. Magugu yako palepale chini, hayana habari na daraja.

Kilichonileta hapa ni kikao cha mtaa cha juzi. Kijana mmoja, tena kijana mzuri, amesoma andiko lake mbele yetu: kikundi kiombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu, kinunue mashine ya kuvuna na kukamua magugu, kitengeneze mkaa mbadala, mbolea na gesi ya kupikia. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, na nikaulizwa kwa nini.

Jibu langu ni hili. Mwenye mkopo wa kulipa kwa magugu hataomba magugu yaishe. Miaka ya 1990 tuliletewa fukusi, wale wadudu wadogo wanaokula magugu, wenye asili ya Amerika ya Kusini kama magugu yenyewe. Mwaka 1998 magugu yalifunika takriban hekta 20,000 za ziwa zima. Miaka michache baadaye yalikuwa yamebaki vipande. Je, ikitakiwa fukusi hao waletwe tena kesho, kikundi chenye rejesho la kila mwezi kitasaini? La pili: magugu hayaoti kwa uchawi. Yanakula. Na chakula, yaani uchafu wa vyoo vyetu, tunakitengeneza sisi wa milimani, kinashuka na Mto Mirongo kupita katikati ya mji hadi ziwani. Mimi nasema hela, iwe mkopo au ruzuku, ziende kwenye vyoo na mabomba ya majitaka. Nipingeni.

Binti Kirumba

Nakupinga, baba, kwa heshima. Mimi ni mmoja wa wanaosuka vikapu vya magugu. Nani kakwambia magugu haya yangeisha kama sisi tusingekuwepo? Yameingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, sijazaliwa. Hakuna msusi wa vikapu aliyemzuia mtu kuyamaliza. Mnaotaka mabomba ya mlima mzima mtasubiri bajeti. Mimi ada ya mtoto inadaiwa Januari.

Makila Sita

Mimi ni mvuvi, nitasema la mwaloni tu, pale tunapotolea mitumbwi. Mnazungumza kama vile magugu yana anuani. Asubuhi upepo wa nchi kavu unayasukuma kwenda maji makuu, mwalo mweupe, unatoa mtumbwi vizuri. Saa kumi jioni upepo wa ziwa umeyarudisha yote, unakuta wenzio wanakata njia kwa panga. Sasa hiyo mashine mtaiweka Igombe? Kesho mzigo uko Luchelele. Keshokutwa umevuka uko Sengerema.

Nyavu za makila, hizi za kutega, zikinaswa humo zimekwisha, huzitoi, unakata. Ila nikiri jambo moja ambalo wavuvi hatupendi kulisema: chini ya zulia lile kamongo na kambale wanashamiri. Sangara hakai humo, hewa ya majini inakuwa ndogo, lakini kamongo anapumua hewa ya juu kama mimi na wewe. Jirani yangu wa ndoano hana ugomvi kabisa na magugu.

Na hao fukusi msiwape sifa zote. Wazee wanakumbuka elininyo ya 1997 na 1998, mvua, mawimbi na mawingu miezi mingi. Hata wataalamu hadi leo wanabishana nani aliyeua magugu, mdudu au mvua.

Mwalimu wa Fizikia, Nyegezi

Naomba niingize hesabu, maana kwenye kikao cha aina hii makofi huja kabla ya hesabu.

Magugu mabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Chukua tani moja, tuseme maji kilo 940 na kitu kikavu kilo 60. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu megajuli 2.5. Kwa kilo 940 ni megajuli 2,350. Zile kilo 60 kavu ukizichoma zote zinakupa takriban megajuli 14 kwa kilo, jumla 840. Yaani ukikausha kwa moto, unatumia nishati karibu mara tatu ya ile utakayoipata. Huo si mkaa mbadala, ni kuchoma kuni tatu upate moja.

Yakikaushwa na jua, hesabu inabadilika kabisa, jua halitumi ankara. Lakini hapo unahitaji uwanja mkubwa, na siku nyingi bila mvua. Mwandishi wa andiko aonyeshe uwanja uko wapi. Mashine sijaiogopa, naogopa maji.

Bwana Shamba Mstaafu

Mwalimu umegusa mkaa, mimi niguse mbolea.

Magugu ni mboji nzuri, hilo halina ubishi. Nimeyalaza na samadi mwenyewe, baada ya miezi michache ni udongo mweusi mtupu. Na ardhi zetu za luseni, huo mchanga wa miinuko ya Usukumani, zina njaa ya mboji. Swali ni mwendo. Fuso ya tani kumi inayotoka mwaloni kwenda Misungwi imebeba zaidi ya tani tisa za maji ya ziwa. Msukuma mwenye ng'ombe ana samadi zizini mwake, hatanunua maji yako. Anayefaidika ni mwenye bustani ya mchicha na nyanya hatua mia mbili kutoka ukingoni. Huyo hata mkopo hahitaji, anahitaji toroli.

Tahadhari: mizizi ya magugu hufyonza metali nzito na kuzihifadhi, mizizi kuliko majani. Na ng'ambo ya ziwa letu watu wanakamata dhahabu kwa zebaki. Mboji ya mboga za kuliwa isitengenezwe bila kupimwa. Mizizi ikatwe, itupwe mbali na maji.

Sasa nakuja kwako, wa Bugarika, nikuongezee hoja. Chakula chenyewe cha magugu ni kirutubisho kiitwacho fosforasi. Tani moja ya magugu mabichi ikivunwa, ukichukua fosforasi asilimia 0.4 ya kitu kikavu, inaondoa ziwani robo kilo tu ya fosforasi. Binadamu mmoja kwa mwaka, haja kubwa na ndogo, hutoa karibu nusu kilo. Kwa hiyo kaya ya watu watano ambayo choo chake kinaishia mtoni, ili kufuta deni lake tu, lazima kila mwaka ivune tani kumi. Fuso nzima kwa kaya moja! Hesabu nyumba za Mabatini na Igogo halafu uniambie zitatoka Fuso ngapi.

Mpita Njia

Hapo ndipo mnapojidanganya. Kuna utafiti uliochapishwa 2005, vipimo vyake vilichukuliwa huku huku upande wa Tanzania, uliokadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inatoka angani. Vumbi la mashamba, majivu ya nyika inayochomwa kila kiangazi. Mkimaliza vyoo vyote vya Mwanza, moto wa shamba la Shinyanga bado utarutubisha ziwa. Mmemkamata mtuhumiwa aliye karibu kwa sababu ananuka.

Kilimahewa Juu

Nimecheka hapo kwenye kunuka, lakini naishi huku, acha nieleze.

Watu wa tambarare mnadhani sisi hatuchimbi vyoo kwa uvivu. Njoo na sururu uone. Futi mbili, jiwe. Unajenga shimo la juu ya ardhi kwa matofali, likijaa hakuna gari la kunyonya linalopanda, njia yenyewe ni ngazi za mawe. Kinachotokea mvua ikinyesha usiku kila mtu anakijua: watu wanatapisha. Unafungua kitundu cha chini, mvua inapeleka kwa jirani, kwa jirani wa jirani, mtoni. Sijivunii, naeleza.

Mabomba yaliyoletwa sehemu za milimani, huo mtandao rahisi wa majitaka, ni vibomba vyembamba vinavyolazwa juu ya mwamba, vinapita kati ya nyumba na nyumba, havihitaji barabara wala mtaro mrefu. Mteremko ule ule tuliokuwa tunaulaani ndio unaosukuma uchafu. Kaya kadhaa zikiunganishwa, harufu inabadilika msimu huo huo. Tatizo ni kwamba bomba linapita mlangoni kwa mpangaji, na mwenye nyumba yuko Dar, hataki kutoa hela ya kujiunganisha. Mkopo wa halmashauri ungeweza kufanya kazi hapo, lakini choo hakizalishi rejesho, kwa hiyo hakuna anayekiandikia andiko.

Mkazi wa Bugarika

Mpita Njia, hoja yako ya angani naikubali kwa ziwa zima. Lakini ziwa ni kilomita za mraba 68,800, na magugu hayakai katikati yake. Yanapenda ghuba, maji yaliyotulia, karibu na midomo ya mito na miji. Jivu la Shinyanga linaanguka kote. Uchafu wa Mirongo unaanguka mahali pamoja, na si mbali sana na Capripoint ambako tunavuta maji ya kunywa. Mtuhumiwa wa karibu ni wa karibu.

Binti Kirumba, mwanangu, sikukusudia wewe. Niambie kikapu kimoja kinakula magugu kiasi gani.

Binti Kirumba

Sasa umeuliza vizuri. Tunatumia mashina tu, yale marefu. Tunayaanika juu ya mawe. Mawe ya Mwanza ikifika saa sita yanachoma kama kikaango, Mwalimu, uwanja ndio huo. Wiki moja yamekauka. Mzigo ninaobeba kichwani unanitosha siku nyingi. Magugu ya ukingoni peke yake siyamalizi mpaka nizeeke. Kwa hiyo fukusi waje, wapewe hata posho, mimi sina neno. Mkopo ninaoutaka ni wa rangi, sindano na banda la kuwekea mali mvua isiniharibie. Mashine sijawahi kuiomba, mashine waliiomba wanaume.

Kijana wa Andiko

Andiko ni langu. Nimesoma yote, sijakasirika, ingawa "makofi kabla ya hesabu" imeniuma. Profoma ya mashine, ile karatasi ya bei ya muuzaji, tumeshapewa na kikao cha kata ni wiki ijayo. Mwalimu, hesabu yako imechukua magugu mabichi. Sisi tunakamua kwanza. Yakikamuliwa yanabaki na maji kiasi gani?

Mwalimu wa Fizikia, Nyegezi

Swali zuri. Muuza mashine atakuambia yanabaki machache. Mimi nasema tupime. Kutoka kilo 940, ikishuka hadi kilo 240, utahitaji megajuli 600 na utapata 840, kuna kitu kinabaki. Ikishuka hadi kilo 400 tu, umeshapata hasara. Jumamosi njoo maabara na kiroba kimoja kibichi, ukitoe asubuhi hiyo hiyo. Usikaushe njiani. Mizani ipo, jeki ya lori ya kukamulia naazima kwa fundi.