MREJESHO: Oda zinazokwama baada ya malipo
Wakuu, niliuliza kwa nini oda za duka letu la vipuri Kariakoo zinakwama ilhali mteja ameshalipa kwa simu, na kila huduma ya mfumo wetu (ya oda na ya malipo) ikipimwa peke yake iko sawa. Mlinishauri niandike modeli (maelezo mafupi ya jinsi huduma zinavyotumiana ujumbe) kwa Promela, lugha ya kuandikia modeli hizo, niikague kwa SPIN, programu inayotafuta makosa ndani yake.

Aisee, SPIN imelinasa kosa! Muda wa kusubiri ukiisha, huduma ya oda inatuma ujumbe wa kughairi, huku uthibitisho wa malipo uko njiani. Vinapishana, kila upande unamngoja mwenzake, hakuna anayesogea. SPIN inapitia mipangilio yote ya ujumbe ndani ya modeli, ikanionyesha huo unaoleta mkwamo, hatua kwa hatua.

Sasa oda iliyoghairiwa inapokea uthibitisho na kurudisha pesa. Ukaguzi mpya hauonyeshi mkwamo. Ujumbe unaopotea njiani bado sijauingiza kwenye modeli. Asanteni mno!