Ushauri wenu wakuu: raifo ya kwanza ya kuwindia, nichukue kaliba gani? Nipo Nachingwea

Mkulima wa Nachi:
Habari za muda huu wakuu. Mimi nalima korosho na ufuta huku Nachingwea, mambo ya bunduki ni mgeni kabisa, niliwahi kupiga risasi chache tu wakati wa mafunzo ya mgambo na ni muda umepita. Msimu uliopita niliongozana na jamaa wanaowinda kwa vibali vya wenyeji, kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kuangalia, nikaipenda sana, kwahiyo maombi ya kumiliki silaha nimeanza kuyafuatilia kuanzia kijijini, kata, sasa hivi yapo wilayani. Kinachonichanganya ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Mjomba wangu anasema nichukue .375 moja kwa moja maana inaua kila kitu kuanzia swala mpaka nyati, nikinunua hiyo nimemaliza. Muuza duka mmoja Dar yeye kanishauri .300 Winchester Magnum kwamba inafika mbali. Kuna jamaa mwingine anasema .243 inatosha kwa anayeanza. Mwili wangu sio mkubwa, kilo 60 na kidogo. Wanyama ninaowaza ni swala pala, ngiri, pongo, kongoni, pofu Mungu akijalia, nyati labda huko mbele. Bajeti ni ya bunduki moja tu, mbili siziwezi. Halafu kuna nguruwe pori wanatumaliza kwenye mihogo, sijui kama nitaweza kuitumia na huko. Naombeni mawazo ya watu waliowahi kuzishika, sio ya kusikia.

Mwana Liwale:
.30-06. Nenda kalale.

Kijana wa Masasi:
Mkuu hapo juu kamaliza ila ngoja nimfafanulie ndugu yetu. .308 na .30-06 zote kichwa cha risasi ni kilekile kwa unene, milimita 7.82, tofauti ni ganda, la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 ni milimita 63 kwahiyo linabeba baruti nyingi zaidi. Kwa kichwa cha greini 180 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) ya .308 inatoka kama mita 800 kwa sekunde na .30-06 inatoka 820 na kidogo. Huyo pongo hatajua tofauti. .308 ni ya mwaka 1952, .30-06 ni ya 1906, zote zimezagaa dunia nzima na hilo ndio la maana kwa mtu wa huku kwetu, maana risasi zenyewe mpaka uzifuate Dar na ukikuta duka lina kaliba tano basi hizi mbili na .375 hazikosi. Ukinunua kaliba ya ajabu ajabu utaishia kuitundika.

Mzee wa Pori (mstaafu):
Kijana, salaam. Nimefanya kazi ya uaskari wa wanyamapori huku kusini maisha yangu yote ya kazi, nimewaona wageni, wenyeji, wakubwa, kila aina ya mwindaji, na nakuomba unisikilize kwa utulivu maana swali lako ni zuri ila limeanzia mwisho.

Mnyama haanguki kwa ukubwa wa bunduki, anaanguka kwa mahali ulipompiga. Swala pala akipigwa na .243 nyuma ya bega, ukifuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka kama theluthi ya chini ya mwili, pale pana moyo na mapafu, hafiki mbali. Swala huyohuyo akipigwa .375 tumboni utamfuata mpaka giza liingie na fisi watamla wao. Nimefuatilia sana damu za wanyama waliojeruhiwa na wengi walipigwa na watu wenye bunduki kubwa kuliko uwezo wao.

Sababu ni hii. Bunduki inayokupiga teke zito inakufundisha uoga bila wewe kujua. Mwanzo unaona sawa tu, lakini baada ya risasi kadhaa mwili unaanza kujihami wenyewe, unafumba jicho, unaivuta triga kwa nguvu ili yaishe, bega linarudi nyuma kabla risasi haijatoka. Risasi inakwenda chini au pembeni na mtu anailaumu darubini. Uoga huo ukishaingia kuutoa ni kazi kubwa sana. Kwa bunduki zenye uzito unaolingana, .375 H&H inapiga karibu mara mbili ya .30-06, hiyo .300 Magnum ipo katikati yao, na .243 ni kama nusu ya .30-06. Sasa wewe kilo 60 na kidogo, hujazoea, unataka kuanzia kule juu kwa sababu ya nyati ambaye mwenyewe unasema ni huko mbele.

Na hilo la kufika mbali, hebu fikiria mapori yetu. Miombo ya Liwale na Nachingwea, vichaka vya kuelekea Ruvuma, kule Lukwika-Lumesule, ni wapi utamwona mnyama wazi kwa mita 300? Wengi watapigwa chini ya mita 100, ikizidi sana 150. Kinachotakiwa ni kunyata, kujua upepo unatoka wapi, na kusubiri ageuke ubavu.

Ushauri wangu ni .308 au .30-06, vichwa vya greini 180 vya ncha laini, vile vinavyopanuka vikimpata mnyama. Pongo, ngiri, kongoni, nyumbu wote humo. Hata pofu, ambaye dume lake linaweza kuvuka kilo 700, anakwenda vizuri ukiwa karibu na kichwa cha risasi kiwe kizuri kisichosambaratika juu juu. .243 inatosha kwa swala na pongo ila kwa pofu ni ndogo mno, na wewe ni mtu wa bunduki moja.

Bunduki Moja:
Kwa heshima zote mzee wangu shikamoo, mi naona mjomba wake hajakosea. Jamaa kasema bajeti ni ya bunduki moja. Sheria inataka kuanzia .375 kwa nyati na wanyama wa hatari, akinunua .308 leo siku akipata kibali cha nyati anaanza upya mchakato wote wa kijiji kata wilaya. .375 ipo tangu 1912 na imethibitika. Teke linazoeleka, weka raba nene kwenye kitako, chagua bunduki yenye uzito usiopungua kilo 4, na mazoezi.

Mzee wa Pori (mstaafu):
Marahaba mwanangu. Hoja yako ina uzito na kama angekuwa mtu aliyepiga bunduki misimu kadhaa ningekuunga mkono. Tatizo ni hilo neno mazoezi. Risasi za .375 ni ghali na zinaumiza, kwahiyo mtu hafanyi mazoezi, anapiga chache za kuweka darubini sawa halafu anaingia porini. Na nyati ndio mnyama wa mwisho kabisa wa kukutana naye ukiwa na bega linaloogopa. Akijeruhiwa haondoki, anazunguka anakusubiri kwenye majani karibu na njia uliyopita. Heri ajifunze vizuri na .30-06, siku ya nyati ikifika atakuwa mtu anayejua kupiga.

Mama Ruangwa:
Naomba nichangie kama mwanamke ninayewinda, tupo wachache ila tupo. Mwalimu wangu alinianzisha bila risasi kabisa, nilikuwa navuta triga ya bunduki tupu jioni jioni nimelenga alama ndogo ukutani, boliti (komeo la kufungia risasi) imekaguliwa mara mbili na ndani ya bunduki hakuna risasi hata moja. Unavuta taratibu mpaka ibofye yenyewe na alama isitikisike. Hii haina gharama na inajenga mkono kuliko kitu chochote. Ukienda kwenye shabaha kuna mbinu moja naomba uifanye: mwenzako akujazie magazini wewe usione, achanganye risasi halisi na risasi bandia. Ukifika kwenye bandia haitalia, hapo utajiona mwenyewe kama mtutu unaruka. Ukiruka ujue uoga upo, rudi kwenye bunduki tupu. Na vaa vizibo vya masikio, nusu ya kinachotisha ni kishindo, sio teke.

Kingine hamjakigusa, kitako kikukae. Bunduki nyingi zimetengenezwa kwa wanaume wakubwa wa Ulaya. Kikiwa kirefu unajinyoosha, teke linatua kwenye mkono badala ya bega. Kikiwa kifupi darubini inakuja kukupasua juu ya jicho. Iwe na nafasi kama sentimita 8 au 9 kati ya jicho na kioo. Fundi anaweza kukata kitako, usione haya kuomba.

Kijana wa Masasi:
Mama Ruangwa umeongea 🙏 hiyo ya risasi bandia kila mtu aisome mara mbili

Msomaji wa Historia:
Mbona hamtaji 7x57 Mauser? Waingereza wanaiita .275 Rigby. Inapiga kwa upole kuliko .308 na Bell, yule mwindaji tembo Mskoti, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa kaliba hiyo. Au 9.3x62, ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya watu waliokuja Afrika, mwaka uleule Maji Maji ilipoanza kule Nandete, Kilwa.

Mzee wa Pori (mstaafu):
Ndugu, 7x57 ni kaliba nzuri mno kwa swala na kongoni, ningempa kijana wangu bila wasiwasi kama risasi zake zingepatikana kirahisi hapa nchini. Ila Bell asitolewe mfano kwa anayeanza. Yule alikuwa anajua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, na alitumia vichwa vigumu visivyopasuka. Hiyo 9.3 ni ya heshima, lakini mtutu wake ni mdogo kidogo kuliko wa .375, sheria ikisema .375 utabaki unabishana na ofisa.

Mkulima wa Nachi:
Nashukuruni sana wakuu, mzee shikamoo. Yani mmenifungua. Nimeshaanza kuegemea .30-06. Na lile la nguruwe?

Mzee wa Pori (mstaafu):
Marahaba. La nguruwe sikiliza vizuri maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapopotea. Kuwa na leseni ya silaha sio kibali cha kuua mnyama, ni vitu viwili tofauti. Mnyama anahitaji kibali chake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nguruwe wanakuja usiku, kuwinda usiku ni marufuku, kupiga ukiwa kwenye gari pia marufuku. Mwone ofisa wanyamapori wa wilaya au wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mweleze uharibifu, wao ndio wenye utaratibu.

La pili ni uhai wako. Nguruwe pori ndio wanaovuta simba mashambani. Utafiti uliotoka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi na Mtwara tuliumia mno, wengi wakiwa dunguni au njiani wakilinda mazao. Wewe uliye mgeni na raifo, gizani, na tochi mkono mmoja, usiende. Na kumbuka kuna majirani wamelala kwenye madungu yao. Risasi ya .30-06 ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Usipige kamwe kama nyuma ya mnyama hakuna udongo wa kuipokea, awe nguruwe, awe pofu.

Mkulima wa Nachi:
Nimekuelewa mzee, la usiku nimelifuta kabisa, ofisi ya wanyamapori nitakwenda. Sasa kuna mtu Lindi mjini anauza raifo ya zamani aina ya BRNO, .30-06, ilikuwa ya baba yake, ina karatasi zake. Mpya siifikii kwa sasa. Niangalie nini?

Lindi Pwani:
Mkuu nipo Lindi mjini, adui yako namba moja hapa ni chumvi ya bahari. Bunduki iliyokaa miaka kabatini pwani bila mafuta inaoza kwa ndani huku nje inang'aa. Toa boliti, elekeza mtutu kwenye mwanga uchungulie, ile mistari ya kuzunguka ionekane mikali, ukiona vishimo vyeusi au mistari imefifia kuelekea mdomoni achana nayo hata aking'ang'ania. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma kama ni .30-06 kweli, maana BRNO ZKK 600 ilitoka na kaliba nyingine pia kama 7x57 na 8x57, usiamini mdomo. Namba ifanane na ya kwenye leseni, kwenye fremu na kwenye boliti. Pesa usitoe mpaka polisi wakubali uhamisho, usije ukakutwa na silaha ya marehemu.

Mwana Liwale:
Na mbao ya kitako ikague ilipokutana na chuma, nyuma kidogo ya boliti. BRNO nyingi za zamani zina ufa pale na risasi chache tu zinaupanua. Zikiwa nzima hizo bunduki ni ngumu sana, boliti yake ni mtindo wa Mauser, inashika ganda vizuri na kulitoa hata likiwa na vumbi. Ukiipata ipime kwa mita 100, risasi zitue kama sentimita 5 juu ya katikati, karibu na mita 200 itakuwa imerudi katikati, na kwa pori letu hutahitaji kugusa darubini tena. Jumamosi nashuka Lindi kupeleka mzigo, ukiniandikia pembeni tunaweza kwenda kuiona pamoja.