Mrejesho: binti yangu amepata chuo humu humu Minnesota

Ndugu zangu, mwezi wa pili niliwauliza binti yangu asome chuo gani kizuri ndani ya Minnesota bila kutuachia deni. Nimerudi kuwashukuru.

Aliyenitajia North Star Promise, Mungu akubariki. Mpango huu wa jimbo ulianza 2024: familia ikiwa na kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka, ada inayobaki baada ya misaada mingine inalipwa, mradi mtoto ni mkazi na chuo ni cha umma. Sisi tulijaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa ada, usiku, mezani jikoni, karatasi za kodi zimetandazwa kati ya vikombe vya chai, yeye anasoma maswali, mimi natafuta tarakimu.

Ataanza Normandale, chuo cha umma cha miaka miwili kule Bloomington, akilala nyumbani. Akimaliza krediti 40 za Minnesota Transfer Curriculum, yaani masomo ya msingi ya kuhamia chuo kingine, vyuo vikuu vya umma vya jimbo vinazipokea. Vyuo vya miaka miwili nilikuwa navidharau, na nilikosea sana.

Vitabu na nauli bado ni juu yetu. Jana kanunua begi.