Mrejesho: VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) zilizokuwa zinafutika kwenye swichi za mtumba

Wakuu, asanteni sana. Swali lilikuwa hili: swichi mbili za Cisco, Catalyst 2960, mtumba wa Kariakoo, kwa mazoezi ya CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), kila zikiunganishwa kwa tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi kwa pamoja), VLAN 10 na 20 zinafutika kwenye ya kwanza. Limekwisha.

Chanzo ni VTP, itifaki ya Cisco inayosambaza orodha ya VLAN kutoka swichi moja hadi nyingine. Swichi ya pili ilikuja na jina la domeni (kundi la swichi zinazoshirikiana VTP) na VLAN za ofisi ilikotoka. Ya kwanza haikuwa na domeni, hivyo ikabeba zote za mwenzake na kupoteza zake. Poti zilizokuwa VLAN 10 hata hazionekani kwenye show vlan brief. Kinachopoteza wengi ni kwamba erase startup-config (amri ya kufuta mipangilio iliyohifadhiwa) haigusi VLAN. Zinakaa kwenye faili la vlan.dat ndani ya flashi, hifadhi ya kudumu ya swichi.

Chomoa kwanza waya wa tranki. Kisha delete flash:vlan.dat, erase startup-config, reload. Ikiuliza kuhifadhi, jibu no. Ikishawaka, show vtp status isomeke Configuration Revision 0 (namba ya toleo la orodha ya VLAN). Weka vtp mode transparent (swichi isifuate VLAN za mwenzake) kwenye zote mbili, ndipo uunganishe. Na usichelewe kuandika copy running-config startup-config: umeme ukikatika kabla, mipangilio yote ya poti unaipiga upya.