Kiwanda cha samaki kinauza hisa asilimia 60: kampuni kubwa ya mawakili ya Dar au wakili wa hapa Mwanza?

Minofu_Ilemela aliuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wenu, hasa mnaofanya kazi za sheria za biashara huku Kanda ya Ziwa.

Kiwanda chetu kinachakata sangara, kiko Ilemela kando ya ziwa. Wafanyakazi ni 140, karibu nusu yao ni wakata minofu wanaolipwa kwa siku. Bodi imekubali kumuuzia mwekezaji kutoka nje ya nchi asilimia 60 ya hisa, na mwekezaji huyo huyo ataikopesha kampuni fedha za mashine mpya za kugandisha. Hati ya kiwanja iko benki, ni dhamana ya mkopo wa zamani.

Kampuni kubwa ya mawakili ya Dar imetuletea maelezo ya idara zake: makampuni, benki na fedha, kodi, ardhi, ushindani, ajira, migogoro, alama za biashara. Kila idara imeandikwa kuwa ni hodari. Wakili wetu wa hapa mjini, ambaye ofisi yake ina mawakili 3, naye anasema kazi anaiweza. Nitapimaje uhodari wa idara moja moja badala ya kuamini jina? Na kazi zipi zibaki Mwanza?

Kalamu_ya_Hisa alijibu:

Mkuu, anza na hiyo 60 yenyewe, maana ndiyo itakayokuonyesha kama kampuni kubwa inahitajika au la.

Kwa wakili wa makampuni, 60 ni mkataba wa mauzo ya hisa, mkataba wa wanahisa na fomu za BRELA, wakala wa usajili wa makampuni. Kwa wakili wa kodi ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinasema umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, ukilinganisha na wakati wowote ndani ya miaka 3 iliyotangulia, kampuni inahesabika kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko. Hakuna friji iliyohama, hakuna kiwanja kilichouzwa, lakini kodi inadaiwa, na inadaiwa kwa kampuni yenyewe, siyo kwa aliyeuza hisa. Aliyeuza ana kodi yake ya faida ya mauzo, tena uhamisho wa hisa haukamiliki BRELA bila kibali cha TRA, mamlaka ya mapato. Sheria ya Fedha hugusa vifungu hivi karibu kila Julai, kwa hiyo maoni ya kodi yaliyoandikwa mwaka juzi hayafai kitu.

Nenda kwa wakili wa ardhi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi kinaihesabu kampuni ambayo wengi wa wanahisa wake si raia kuwa nayo si raia. Siku hisa zinapohama, kiwanja chenu kinakuwa mikononi mwa kampuni ya kigeni machoni pa sheria, na kampuni ya kigeni hushika ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa haki inayopitia mamlaka ya uwekezaji, zamani TIC na tangu 2025 TISEZA. Ipo pia njia ya ubia, ambapo raia huhamisha sehemu tu ya maslahi yake kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Njia ipi inawafaa ni lazima iamuliwe kabla ya kusaini. Baada ya kusaini mtakuwa mnaomba huruma.

Kwa wakili wa ushindani: kama mauzo ya mwaka au mali zenu pamoja na za mnunuzi zinafika shilingi bilioni 3.5, ununuzi huu, ambao kwa lugha ya ushindani ni muungano, unatakiwa kupelekwa FCC, yaani Tume ya Ushindani, kabla ya kukamilika. Maombi yakiwa kamili, Tume ina siku 14 za kuamua kama itachunguza. Ikichunguza ni siku 90, na inaweza kuongeza 30. Ukikamilisha bila kuwaarifu, faini ni kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka. Hiyo ni faini ya kufunga kiwanda.

Na kwa wakili wa benki: mkataba wenu wa mkopo wa zamani karibu hakika una sharti kwamba umiliki usibadilike bila ridhaa ya benki. Mkopo mpya wa mwekezaji, ukiwa wa zaidi ya mwaka, unasajiliwa Benki Kuu kupitia benki yenu na kupewa namba ya kumbukumbu ya deni. Bila namba hiyo marejesho hayatoki nje. Halafu unarudi tena kwenye kodi: kampuni inayomilikiwa kwa kiasi hicho na mgeni hairuhusiwi kukata riba yote kwenye hesabu za kodi kama deni linazidi mtaji kwa uwiano wa 7 kwa 3. Mkataba wa mkopo ulioandikwa vizuri sana na idara ya fedha unaweza kuwa mbovu kwa sababu hakuna wa kodi aliyeusoma.

Uhodari wa kampuni kubwa uko hapo, mkuu. Tukio moja linagusa meza 4 au 5, na watu wa meza hizo wanasoma jalada moja ndani ya wiki moja. Wakili mmoja mzuri wa Mwanza anaweza kujua kila kifungu nilichotaja, ila hawezi kuvikimbiza vyote kwa pamoja huku muda wa FCC unahesabika.

Kuwapima, andika nusu ukurasa: asilimia 60, mgeni, kiwanja kando ya ziwa, hati iko benki, mkopo wa mwanahisa. Watumie, omba ukurasa mmoja kutoka kila idara na ukurasa mmoja wa mtu anayeunganisha. Jibu zuri litakupa mfuatano: ridhaa ya benki, njia ya ardhi, FCC, hesabu ya kodi, ndipo fedha na hisa vibadilishane mikono siku moja. Jibu dhaifu litakuorodheshea sheria. Mtazame hasa wa ardhi. Asipouliza jengo liko mita ngapi kutoka majini, hajui ufuo wa ziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ziwa, na mwekezaji ataleta mtu wa kupima kwa futi kamba kutoka ukingo wa maji hadi ukuta wa chumba cha baridi. Aulize pia vibali vya kuchukua maji na kumwaga majitaka kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi yake iko hapa hapa mjini.

Kosa linalorudiwa mno ni la usajili wa dhamana. Zinatolewa siku 42 tangu dhamana kuundwa kuisajili BRELA. Nyaraka zikisainiwa nje, zikaja Dar kugongewa mhuri, zikashuka Mwanza kwa wakurugenzi, wiki 6 zimekwisha, na dhamana isiyosajiliwa haimfai kitu mkopeshaji kampuni ikifilisika. Uliza ni nani, kwa jina, anayeshika kalenda hiyo.

Jalada_Wazi alijibu:

Nakubaliana na mchango wa hapo juu. Naongezea ajira na migogoro, ambako picha ni tofauti.

Mauzo ya hisa hayabadilishi mwajiri. Mikataba ya watu 140 inaendelea, na madeni yao yanaendelea: michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) ya asilimia 20, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, likizo, muda wa ziada. Hao wakata minofu wa siku ndio watakaowaumiza. Anayeingia kila siku kwa miaka, akasaini daftari lile lile, ni vigumu kumwita kibarua mbele ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mnunuzi akiligundua, atapunguza bei au atadai fedha zizuiwe kwenye akaunti ya amana. Kazi ya kupitia mafaili 140, kulinganisha daftari la zamu na hati za malipo na orodha ya NSSF, mpeni wakili wa Mwanza. Anakaa hapo kiwandani siku 5 au 6 na karani wa rasilimali watu, anatoa jedwali. Idara ya ajira ya Dar ilisome jedwali hilo na kuandika maoni.

Idara ya ajira ya kampuni kubwa inafaa kwa vibali vya kazi vya wageni, mikataba ya mameneja na upunguzaji wa wafanyakazi. Kwenye upunguzaji, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka taarifa, kutoa sababu, na mashauriano ya kweli kabla ya uamuzi. Mwekezaji akitangaza kwenye kikao kwamba watu 40 wanaondoka, halafu ndiyo mashauriano yaanze, hapo mashauriano yameshaharibika.

Mashauri ya CMA yabaki huku. Mlalamikaji wa kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua, madai mengine siku 60, na kikao cha usuluhishi kinaweza kuahirishwa mara 2 au 3. Kila ahirisho kwa wakili wa Dar ni tiketi na hoteli. Anayehudhuria awe na mamlaka ya kukubali kiasi fulani pale pale mezani. Kumtuma wakili mchanga anayepaswa kupiga simu Dar kwa kila jambo ndiko kunakokwamisha usuluhishi.

Kwa migogoro mikubwa, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ina masjala ndogo Mwanza, na siku hizi nyaraka zinafunguliwa kwa mtandao, hivyo umbali si kizuizi kama zamani. Kupima idara hii usiulize wameshinda kesi ngapi. Omba namba za mashauri 5, yasome TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, ni bure. Angalia ni mangapi yametupwa kwa pingamizi la awali: nje ya muda, kifungu kisicho sahihi, kiapo chenye kasoro. Kesi inayokufa kwa sababu hizo haikufa kwa ugumu wake.

Meza moja hamtaikuta kwenye orodha yao: uvuvi. Baada ya Ulaya kuzuia samaki wa Ziwa Victoria 1997 na tena 1999, kila mnunuzi makini anasoma kumbukumbu za ubora kwanza. Idhini ya kuuza Ulaya inakaa na kiwanda kilichokaguliwa. Mkiuza hisa mwenye idhini habadiliki, mkiuza majengo na mashine peke yake mnunuzi anaanza upya na mamlaka. Mpateni mtaalamu wa ubora wa samaki apitie matokeo ya maabara ya Nyegezi na mafaili ya usafi, awaandikie mawakili kwa lugha wanayoielewa.

Mizania_Mwanza alijibu:

Kwa ufupi upande wa malipo. Tangu 2025 kanuni za fedha za kigeni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa dola, kwa hiyo nukuu ije kwa shilingi. Omba bei kwa hatua (uhakiki, mikataba, vibali, ukamilishaji) yenye ukomo, na iandikwe ni mbia yupi na mawakili gani watafanya kazi, maana anayekuja kwenye kikao cha kwanza mara nyingi siye atakayesoma mikataba yenu. Ankara itakuwa na VAT asilimia 18. Ninyi mnazuia asilimia 5 ya ada kabla ya VAT na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Msipoizuia, TRA itawadai ninyi.

Kabla ya kutuma nyaraka yoyote, pateni barua kwamba hawana mgongano wa maslahi. Kampuni kubwa nyingi zinawahudumia mabenki, na yenu inaweza kuwa mojawapo. Majina yote mliyopewa myahakikishe kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa orodha ya mawakili, kama leseni ni hai.

Alama ya biashara hiyo mwacheni wakili wenu. Samaki ni daraja la 29 la bidhaa kwenye usajili wa alama, usajili wa BRELA ni miaka 7 kisha 10, na hauvuki kwenda Zanzibar.

Minofu_Ilemela:

Nashukuru sana wakuu. Mwekezaji ameshauri achukue 49 sasa na 11 baadaye, ili kukwepa hayo ya kodi na ardhi. Inawezekana?

Kalamu_ya_Hisa:

Inategemea hiyo "baadaye" ni lini, mkuu. Kifungu cha 56 kinatazama miaka 3 kwa pamoja: 49 leo na 11 mwaka kesho ni 60 ile ile. Zikivuka miaka 3 kamili, hesabu ya kifungu inabadilika, ingawa TRA ina mamlaka ya kupuuza mpango uliobuniwa kukwepa kodi tu, hivyo sababu ya kibiashara iwepo kwenye mihtasari ya bodi. Ardhi itasubiri mpaka siku mgeni anapopita nusu. FCC haitasubiri: inatazama udhibiti. Kama huyo wa 49 anateua meneja mkuu na anaweza kuzuia bajeti, wanaweza kusema ameshashika usukani.

Kwa hiyo ongeza mstari mmoja kwenye ile nusu ukurasa: "49 sasa, 11 baada ya miezi 37, mgeni anateua meneja." Watumie wote wawili, Dar na wakili wako. Mpe kila mmoja siku 5 za kazi.