Jumapili ya redio moja, nyumba nzima: tupeane uzoefu

Mjukuu wa Urambo:
Wakuu, habari za Jumapili. Leo nimefungua redio kwenye simu, kila nikihamisha kituo nakuta muziki tu, nikaikumbuka Jumapili ya nyumbani Urambo, mwishoni mwa miaka ya themanini. Sisi wa bara tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, basi. Radio One ilikuja 1994. RTD hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya ibada, ya mpira, ya salamu, ya watoto, ya wakulima na ya misiba. Naomba kila mmoja alete Jumapili yake. Naanza mimi.

Redio yetu ilitumia betri kubwa nne. Mama aliivisha kitambaa alichokifuma kwa uzi mweupe, na waya wa eriali ulipandishwa hadi juu ya mwembe. Betri zikichoka tulizianika kwenye bati tangu Jumamosi, maana kesho yake hakuna aliyekubali kipindi chake kikatike. Asubuhi ilikuwa ya babu na ibada yake. Mama alikuwa mtu wa salamu, anawajua watuma kadi wa Mpwapwa na Tukuyu kama majirani, na huko hajawahi kufika. Baba alikuwa akitunza betri kwa ajili ya mpira. Kwa kuwa redio ni moja, kila mtu alisikiliza na cha mwenzake. Babu aliwajua washambuliaji wa Simba wote ingawa mpira haukumhusu, na baba, asiyekanyaga kanisani, aliimba nyimbo za ibada huku akichonga mpini wa jembe.

Matangazo ya vifo hayakuwa ya mmoja wetu. Yakianza, mama anaacha mwiko kwenye sufuria na kutunyamazisha kwa mkono. Jumapili moja betri zilikuwa zimekwisha nguvu, sauti inakuja kwa mbali. Babu akasogeza kigoda, akatega sikio karibu kabisa na spika. Likasomwa jina la dada yake, amefariki Uvinza. Kisha ukatajwa ukoo: habari zimfikie fulani wa Mpanda, fulani wa Kasulu, na babu mwenyewe wa Urambo, popote walipo. Hakuwahi kusikia jina lake redioni. Aliishika redio kwa mikono miwili akaigeuza imwelekee, kana kwamba itarudia. Haikurudia.

Mama hajaepua hata sufuria, majirani wakaanza kuingia uani, mmoja mmoja, wanawake wamejifunga khanga viunoni. Hakuna aliyetumwa kuwaita. Walikuwa wamesikia hukohuko makwao. Mchango wa nauli ukapigwa palepale, babu akaondoka na treni ya kwanza ya Kigoma.

Wa Newala:
Pole sana mkuu. Hayo ya majirani kuingia bila kuitwa nayajua.

Jumapili yangu ni ya mpira. Kaka yangu mkubwa haoni tangu utotoni. Siku ya mechi alikuwa anachora uwanja kwenye mchanga kwa kidole, halafu anapanga korosho ishirini na mbili: kumi na moja zenye maganda, kumi na moja zilizobanguliwa, ili vidole vyake vizitofautishe. Mpira ulikuwa punje ya hindi. Mtangazaji akisema pasi imekwenda wingi ya kulia, punje inakwenda kulia. Tulikuwa tunakaa kumzunguka tukiangalia mikono yake, sisi wenye macho, kwa sababu Uwanja wa Taifa tulikuwa hatujauona na yeye ndiye aliyetuonyesha. Marehemu Charles Hilary akitangaza, kaka alikuwa akisema huyu anamwachia nafasi ya kuusogeza mpira. Wengine walikuwa wanashangilia tu, wanamwambia goli bila kumwambia limeingilia wapi, na hilo lilimuudhi kweli.

Msomaji wa Voi:
Hamjambo ndugu zangu. Kwetu ilikuwa Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC. Jumapili baba ananyoa ndevu uani, redio iko dirishani, sisi tunapigiwa pasi nguo za kanisani.

Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na miaka tisa. Redio ikafunguliwa kama kawaida, tukamsikia Leonard Mambo Mbotela. Sauti ile tuliijua kuliko ya mjomba wetu, kwa mpira na kwa Je, Huu ni Ungwana?, kipindi cha adabu na tabia njema alichokianza 1966. Lakini asubuhi ile alikuwa anasoma kwamba serikali imepinduliwa. Baba alisimama, povu la sabuni bado liko shavuni. Akamwambia mama, "Huyu hasomi kwa hiari yake." Alijuaje? Alimsikiliza wiki nenda wiki rudi, alijua anapovuta pumzi. Baadaye sote tulikuja kujua kwamba wanajeshi wa angani walimtoa nyumbani kwake wakampeleka studioni akasome.

Hatukwenda kanisani. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa serikali, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, wakakikomboa kituo. Mbotela alipofariki Februari 2025 nilimpigia baba simu. Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

Mdau wa Songea:
Mimi ni mfupi. Mke wangu nilimpata kwa kadi za salamu. Alisikia jina langu Jumapili, akanitumia salamu zake, nikajibu. Barua kumi na moja, kisha nikapanda basi.

Mtanga wa Reading:
Shikamooni wakubwa. Yangu ni ya ugenini, ila naomba niiweke.

Mwaka 2015 nilikuwa nalea bibi wa Kiingereza mwenye miaka tisini na moja, zamu ya usiku hadi mchana. Alikuwa na redio jikoni ambayo haijawahi kuhama BBC Radio 4. Ni redio ya maneno, muziki kidogo sana. Jumapili kabla ya saa kumi na mbili asubuhi zinalia kengele za kanisa, kila wiki kanisa jingine. Saa mbili na dakika kumi, ibada. Saa nne, wakati ule, ilikuwa The Archers, mchezo wa maisha ya wakulima wa kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge, ambao umekuwa ukirushwa nchi nzima tangu 1951. Jumapili wanaunganisha vipindi vyote vya wiki. Mwanzoni nilikuwa nausikiliza huku naosha vyombo, sielewi. Siku moja ng'ombe akawa anazaa kwa shida redioni, nikajikuta nimesimama na sahani mkononi, maana kwetu Lushoto nilishawahi kumshikia baba taa usiku kwa ng'ombe wa namna hiyo. Nikamsimulia bibi. Tangu hapo ikawa tunakaa wote mezani, na ng'ombe wa Ambridge akiugua ananiuliza sisi tungefanyaje.

Baada yake kilikuwa kinakuja Desert Island Discs, kilichoanza 1942. Mgeni anaulizwa: ukitupwa peke yako kisiwani, ungechukua nyimbo gani nane? Anapewa Biblia na Shakespeare, anachagua kitabu kimoja zaidi na kitu kimoja cha starehe. Bibi akazima redio, akaniambia, haya, zamu yako. Miaka sita Uingereza, hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Nilimtajia zote nane nikampigia kwenye simu, mbili za kwaya ya mama yangu nilizorekodi mwenyewe, zina sauti za kuku. Alitaka kuzisikia hizo mara ya pili.

Mjukuu wa Urambo:
Asante dada. Kitu chako cha starehe kilikuwa nini?

Mtanga wa Reading:
Mbuzi ya kukunia nazi. Ilibidi nimchoree kwenye bahasha. Bibi aliibandika kwenye friji, na alipofariki binti yake akanirudishia.

Mjukuu wa Urambo:
Mungu ampumzishe. Wa Newala, kaka yako bado yupo?

Wa Newala:
Yupo Masasi, ana wajukuu. Simba na Yanga walipokutana mara ya mwisho nilimtembelea, nimembebea redio mpya. Nilikuta wajukuu wamewasha televisheni sebuleni. Yeye alikuwa barazani, ameshapanga korosho kwenye ungo, anatafuta punje ya hindi mfukoni.