Tovuti ya kutafuta mimea: PostgreSQL, SQLite au Meilisearch?

McheMbichi
Habari wakuu. Natengeneza tovuti ya mimea ya kwetu: miti ya mbao, mboga za kienyeji, dawa. Mtu aandike jina lolote analolijua, apate picha, jina la kisayansi na mahali mmea unapoota. Seva ninayomudu ni ndogo, ya kukodi. Wengi watafungua kwa simu. Ipi itanifaa: PostgreSQL au SQLite, ambazo ni programu za hifadhidata, au Meilisearch, ambayo ni injini ya utafutaji?

FundiMajedwali
Mkuu, anza na data kabla ya programu. Mvule leo ni Milicia excelsa, lakini vitabu vya zamani vinauita Chlorophora excelsa. Migunga mingi iliyokuwa Acacia imehamia Vachellia na Senegalia. Ukiweka jina kama safu moja ndani ya jedwali la mimea, umekwama. Majina yawe na jedwali lake: jina, lugha, eneo linakotumika, kama linakubalika au ni la zamani, na namba ya mmea. Usizuie jina la kienyeji kujirudia, maana mchicha peke yake ni spishi kadhaa za Amaranthus.

Mimi nachagua PostgreSQL. Haiji na kamusi ya Kiswahili, kwa hiyo kwa utafutaji wake wa kawaida "mivule" haileti "mvule". Washa pg_trgm, nyongeza yake inayolinganisha vipande vya herufi tatu tatu. Maneno hayo mawili yana vipande 9 tofauti, 4 vya pamoja, yaani ulinganifu wa 4/9 au 0.44, na kiwango chake cha kawaida cha kukubali ni 0.3. Linapatikana.

Binti_Temeke
Kwa mtumiaji wa kawaida Meilisearch ni raha zaidi. Bila kusanidi chochote inasamehe kosa moja kwenye neno la herufi 5, na mawili kuanzia herufi 9. Anayeandika "mwalobaini" anaupata mwarobaini, na "mnafu" inaleta mnavu.

FundiMajedwali
Kweli dada, ila ni huduma ya pili kwenye seva hiyohiyo ndogo, na kila jina ukilisahihisha lazima ulipeleke huko pia.

MpitaPugu
Mnasahau walioko msituni. Mimi natembea sana kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na kuna sehemu mtandao haushiki kabisa. SQLite ni faili moja, inakaa ndani ya simu. FTS5, sehemu yake ya kutafuta maneno, ina kigawanyi cha herufi tatu tangu toleo 3.34 la mwaka 2020: ukiandika "vule" unapata mvule na mivule. Kosa la tahajia ndilo haisamehi.

Binti_Temeke
Halafu picha: GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, inatoa data bure kwa API (njia ya programu kuchukua data moja kwa moja), lakini kagua leseni ya kila picha. Zenye leseni ya CC BY-NC haziruhusu biashara, kwa hiyo ukipanga kuweka matangazo, zichuje mapema.

McheMbichi
Asanteni sana. Basi PostgreSQL kwenye seva, na kila wiki natoa faili la SQLite la kupakua kwa watu wa msituni. Jedwali la majina naanza leo. Mwenye majina ya Kizaramo na Kindengereko anitumie.

MpitaPugu
Ninayo ya Kizaramo. Ila ongeza safu ya kijiji jina lilikotolewa, na kila jina liambatane na picha ya jani na ya ua au tunda. Bila hivyo hutajua mzee alikuwa anataja mti upi.